UZI: Frank Kitson, kapteni wa Kiambu aliyeigeuza vita ya Mau Mau kuwa somo la majeshi ya dunia

Kalamu Butu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Tarehe 2 Januari 2024 alifariki Uingereza mzee wa miaka 97, Jenerali Sir Frank Kitson. Huku kwetu sikuona kijiwe kilichomzungumzia, na hilo limenishangaza, maana mtu huyu alianzia ushushushu wake Kiambu, akapita Oman, kisha akaandika vitabu ambavyo mpaka leo vinasomwa na maafisa wanaofundishwa kupambana na waasi. Ukitaka kujua kwa nini jeshi fulani la serikali linavalisha watu wake nguo za waasi na kuwaingiza vijijini usiku, fuata nyayo zake nyuma, utaishia kwenye kambi za polisi za Kiambu na Thika mwaka 1954.

Nitaandika kwa vipande. Mods msiuunganishe na ule uzi wa Kimathi, huu ni wa upande wa pili wa bunduki.

Kitson alizaliwa Desemba 1926, London. Baba yake alikuwa Makamu Admirali, kwa hiyo ni familia ya majini, lakini kijana akaenda nchi kavu. Alisoma Stowe, shule ya wenye nazo, akaingia kikosi cha Rifle Brigade mwaka 1946. Angalia mwaka huo: vita kuu imeisha. Wenzake waliomtangulia wana nishani na hadithi za Italia na Normandy, yeye anapelekwa Ujerumani kulinda nchi iliyokwisha shindwa. Alikaa huko miaka kadhaa akipiga gwaride na kupanda farasi. Farasi aliwapenda mpaka uzeeni.

Mwaka 1953 akaambiwa: nenda Kenya. Ana miaka 26, cheo ni kapteni, Kikuyu hajui, Kiswahili hajui, upelelezi hajausomea. Kazi aliyopewa? Ofisa wa upelelezi wa kijeshi, wilaya ya Kiambu, chini ya Special Branch, idara ya ushushushu ya polisi.

Naendelea baada ya chakula.

Mtoto wa Manzese

Naweka kiti mbele kabisa. Mkuu usije ukatuachia njiani kama wale wa "itaendelea" halafu kimya miaka mitatu.

Ndizi Mzuzu

Kwa hiyo mtu hajui lugha, hajui nchi, hajui kazi, ndiyo anapewa upelelezi. Wakoloni walikuwa na imani kali.

Kalamu Butu

@Ndizi Mzuzu umegusa penyewe, ndiyo siri yake yote. Aliyesomea kazi angekuja na majibu mkononi. Huyu alikuja na maswali tu.

Hali ilikuwa hivi. Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Kenyatta na wenzake wakakamatwa. Machi 1953 yakatokea mauaji ya Lari, hukohuko wilaya ya Kiambu. Juni akaletwa Jenerali George Erskine kuongoza vita. Majeshi yalikuwepo ya kutosha: vikosi kutoka Uingereza, King's African Rifles, polisi, homugadi (wanamgambo wa serikali) vijijini, hata ndege za kudondosha mabomu msituni. Lililokosekana ni kujua adui yuko wapi. Wanajeshi wanaingia misitu ya Aberdare wanatembea siku nne, wanarudi na malengelenge.

Kitson alipofika akaona kwamba habari zipo, tena nyingi, ila hazimfikishi askari popote. Mtu anasema "jana walipita watu kumi kuelekea mtoni". Kumi gani? Mto upi? Sasa hivi wako wapi? Habari ya namna hiyo unaiandika kwenye faili, unaifungia kabatini, basi. Akaanza kuzigawa habari mafungu mawili, na mgawanyo huo ndio msingi wa kila alichoandika baadaye: habari za jumla, ambazo ni nyingi na zinapatikana kirahisi, na habari za kukutanisha, yaani zile zinazomwezesha askari kumkuta adui ana kwa ana. Hoja yake: usisubiri uletewe hizo za pili na msaliti kutoka mbinguni. Zitengeneze mwenyewe kutoka kwenye zile za kwanza.

Mfano wangu, si wake. Umesikia kuna mama kijijini ananunua unga mwingi kuliko watu wa nyumba yake. Hiyo ni habari ya jumla. Usimkamate. Jiulize: unga unatoka kwake siku gani? Tuma watu walale kwenye mashamba ya kahawa nyuma ya nyumba. Siku ya tatu umejua ni kila Alhamisi. Anayebeba ni nani? Kijana fulani. Kijana anaelekea wapi? Unazidi kubana mpaka kichaka kimoja kinabaki. Kazi ya karani hiyo, jasho la kalamu, na Kitson alikuwa karani hodari kuliko alivyokuwa mpiga bunduki.

Hatua ya pili ndiyo iliyomtoa. Ukimkamata mpiganaji, badala ya kumpeleka mahakamani akanyongwe, mgeuze. Mvalishe makoti yaleyale, mwache na nywele zilezile, umrudishe usiku kwenye vijiji vyake pamoja na wenzake waliogeuzwa, wajifanye genge lililotoka msituni. Wanajua viapo, wanajua salamu, wanajua nyimbo, wananuka moshi na mafuta ya wanyama kama watu wa msituni wanavyonuka. Wazungu waliofuatana nao walijipaka rangi nyeusi usoni na kukaa nyuma gizani. Wanakijiji wanawapokea, wanawalisha, wanawaambia genge halisi liko wapi.

Magenge bandia. Si Kitson peke yake aliyehusika; kulikuwa na Ian Henderson wa polisi, mzungu aliyekulia Kenya na kukiongea Kikuyu kama mwenyeji, na baadhi ya vijana wa kilowezi. Henderson ndiye aliyeisukuma mbinu hiyo mbali zaidi katika kumsaka Dedan Kimathi, aliyekamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Wakati huo Kitson alikuwa ameshaondoka na nishani ya Military Cross kifuani. Ila aliyeshika kalamu ni Kitson. Mwaka 1960 akatoa *Gangs and Counter-gangs*, na dunia ikajua.

Wa Githunguri

Mimi ni wa Kiambu, na haya mambo kwetu si historia ya kitabuni. Cucu (bibi) wangu alikuwa msichana wakati ule. Alikuwa akituambia kwamba mtu akibisha mlango usiku na kusema ni mtoto wa msituni, shida haikuwa kumpa chakula. Shida ilikuwa hujui ni yule wa kweli au wa serikali. Ukimpa chakula na ni wa serikali, kesho uko kizuizini. Ukimnyima na ni wa kweli, umekuwa msaliti. Mama yake alikuwa anaacha githeri nje kwenye chungu kabla ya giza, anafunga mlango, na asubuhi akiulizwa anasema mbwa wamekula.

Kitabu cha huyo mzungu kinasema lolote kuhusu hicho chungu?

Kalamu Butu

@Wa Githunguri asante sana. Jibu ni hapana, na ndilo tatizo langu kubwa na kitabu kile.

Kinasomeka vizuri ajabu. Jamaa ana ucheshi mkavu wa kiaskari, anajicheka, hajikwezi. Lakini ni hadithi ya uwindaji. Ardhi iliyochukuliwa, kipande shingoni, Wakikuyu waliogeuzwa maskwota kwenye nchi yao, hayo yanapita mbali kama mawingu. Na mbinu yake inamfikia mwanakijiji kwa namna ambayo afisa haioni: serikali imeichafua imani yenyewe ya mtu kwa mtu. Kila mgeni ni mashaka. Kwa afisa hayo ni mafanikio, tena makubwa. Kwa mama wa githeri ni miaka mitatu bila usingizi.

Na tusisahau kilichokuwa kikiendelea nje ya vile vikundi vidogo vya Kitson. Aprili 24, 1954 ilianza Operesheni Anvil, Nairobi ikazingirwa na askari na polisi wapatao 25,000, watu wakapangwa mistari mbele ya watu waliofunikwa magunia kichwani wenye matundu ya macho tu, akitikisa kichwa umekwisha. Vizuizi, vijiji vya lazima, zaidi ya watu elfu moja walionyongwa kwa hukumu za mahakama. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, baada ya mafaili ya koloni yaliyofichwa Hanslope Park, ghala la serikali Uingereza, kuibuliwa. Ukisoma Kitson peke yake utadhani Mau Mau ilishindwa kwa akili za vijana wachache werevu. Magenge bandia yalifanya kazi kwa sababu nyuma yake kulikuwa na kamba ya kunyongea, na mateka alijua.

Mwenyewe anaeleza jinsi ya kumgeuza mtu, bila kona. Kwanza umpe kishawishi kikubwa. Pili ajue kwamba akikataa kuna jambo baya sana linamsubiri. Tatu, na hapa ndipo alipowazidi wenzake, umpe njia ya kujishawishi yeye na rafiki zake kwamba anachofanya si cha aibu. Hilo la tatu linanitisha kuliko la pili.

Mtoto wa Manzese

Duh. La tatu ni la kisaikolojia kabisa. Bongo kuna mabosi wanalijua bila kusoma kitabu.

Mwana wa Nizwa

Asalaam alaykum. Mimi ni Mswahili wa Maskati, wazee wangu walirudi kutoka Unguja baada ya 1964. Umesema Kitson alipita Oman. Ni vita vya Jabal Akhdar?

Kalamu Butu

Waalaykum salaam ndugu yangu. Ndivyo, Jabal Akhdar.

Kwanza alipita Malaya mwaka 1957, akaongoza kompani ya Rifle Brigade kwenye misitu ya kusini dhidi ya wakomunisti, akapata Military Cross ya pili. Nasonga haraka hapo kwa sababu alichofanya ni kilekile cha Kiambu, kubana habari mpaka adui anabaki kichaka kimoja.

Mwaka 1958 yuko London, Wizara ya Vita, mezani. Sultani Said bin Taimur ana matatizo: Imamu Ghalib bin Ali, ndugu yake Talib, na Sheikh Suleiman bin Himyar wa Bani Riyam wamekaa juu ya mlima ambao njia za kuupanda zinahesabika na kila njia ina mlinzi. Waingereza wanataka wamsaidie Sultani lakini hawataki jeshi kubwa lionekane, maana ni miaka miwili tu tangu aibu ya kulazimika kuondoka Suez, Misri. Kitson akachora mpango wa Kiambu: vikundi vidogo vya maafisa, pesa, mateka wa kugeuzwa, wapande mlimani kimyakimya. Akaenda Oman kuuandalia njia.

Mpango wake haukutekelezwa hivyo. Walioletwa ni SAS, kikosi maalumu cha jeshi la Uingereza, chini ya Luteni Kanali Tony Deane-Drummond, moja kwa moja kutoka Malaya. Kikosi cha kwanza kilifika Novemba 1958, cha pili Januari, na usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Januari 1959 wakapanda njia ambayo walinzi hawakuitegemea. Kufikia asubuhi wako juu. Viongozi watatu wakatorokea Saudia. Wanahistoria wa SAS wanaisimulia hiyo kama siku iliyokiokoa kikosi chao kisivunjwe, na mlango wake ulifunguliwa na karatasi ya meja mmoja wa mezani.

Mwana wa Nizwa

Kweli. Wazee wa Jabal bado wanaonyesha mapango ya mawe walimojificha wakati ndege zinapiga mabomu. Mifereji ya falaji iliharibiwa, na mashamba ya komamanga yakakauka. Hilo nalo nadhani halimo kwenye kitabu.

Kalamu Butu

Oman ameiandika kwenye *Bunch of Five* cha 1977, pamoja na Kenya, Malaya na Cyprus, ambako alikuwepo Wagiriki na Waturuki walipoanza kuuana Desemba 1963. Kwa mtindo uleule: afisa na tatizo lake.

Sasa tuje kwenye kitabu chenyewe. Mwaka 1969 jeshi likampa Kitson mwaka mzima wa kukaa Chuo Kikuu cha Oxford afikiri na kuandika. Fikiria luteni kanali wa jeshi lako analipwa mshahara kwa mwaka mmoja asome maktaba. Matokeo yake ni *Low Intensity Operations*, 1971. Hoja kwa ufupi: vita vijavyo havitakuwa vya vifaru kwenye tambarare za Ujerumani, vitakuwa vya maasi na uchochezi, na jeshi halijajiandaa. Raia na askari waongozwe na kamati moja, upelelezi ndio moyo wa kazi, propaganda iwe na wataalamu wake, na kila kamanda wa kompani ajifunze kujitengenezea habari zake badala ya kukaa akisubiri Usalama wamletee.

Kilichowachoma wengi ni ukurasa kuhusu sheria. Anasema serikali ina njia mbili. Ya kwanza, sheria iwe silaha mojawapo ya serikali, na hapo inakuwa pazia tu la kuwaondoa watu wasiotakiwa. Ya pili, mahakama zibaki huru, zisipendelee. Wapinzani wake wameinukuu ile ya kwanza kwa miaka hamsini, kwenye vipeperushi, kwenye kuta, kwenye vitabu. Wengi huishia hapo. Mistari michache mbele anaandika kwamba kwa kawaida njia ya pili ndiyo iliyo sahihi kimaadili na pia ndiyo yenye faida, kwa sababu inalinda utii wa wananchi.

Simtetei. Nasema msomeni mpaka mwisho wa aya, maana huko ndiko kwenye hoja ya kweli. Mtu aliyeandika "kwa kawaida" ameacha mlango wazi, na mlango huo ndio wa kujadili.

Afande Mstaafu

Nimesoma kimya, sasa niseme. Nimetumikia jeshi la nchi yangu miaka mingi na hicho kitabu nilikikuta kwenye maktaba ya chuo, kimechakaa. Ninyi raia mnashtuka kwamba aliandika. Sisi tunamheshimu kwa sababu aliandika. Kila jeshi lililopigana na waasi limefanya hayo. Wengine wamefanya na kukaa kimya, wanakufa na siri. Huyu aliweka mezani, mkamjadili. Mngependa angenyamaza?

Wa Githunguri

Afande, kwa heshima zote. Kuweka mezani kwa nani? Kitabu kiliandikwa kwa maafisa wenzake ili wakafanye tena kwingine. Na walifanya.

Kalamu Butu

@Afande Mstaafu nakubaliana nawe nusu. @Wa Githunguri, twende huko kwingine.

Septemba 1970 Kitson, sasa brigedia, anapelekwa Belfast, Ireland Kaskazini, kuongoza Brigedi ya 39. Kitabu kinatoka 1971 wakati mwandishi wake yuko mtaani anakitekeleza! Upande wa IRA, waasi waliotaka Waingereza waondoke Ireland, ukapata zawadi: adui kakuandikia mpango wake, kauweka dukani. Mpaka leo Wakatoliki wa Belfast magharibi wakilitaja jina Kitson ni kama wanataja jini.

Hapo mbinu ya Kiambu ikahamia mjini. Chini ya brigedi yake kikaundwa kikundi cha askari kanzu, Military Reaction Force, na wanachama wa IRA waliogeuzwa walipewa jina la pamoja, "Freds". Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha dobi. Jeshi lilianzisha kampuni ya kufua nguo, Four Square Laundry, gari linapita mitaa ya Wakatoliki linakusanya nguo kwa bei nafuu. Kabla ya kufuliwa, nguo zinapimwa kama zina mabaki ya baruti. Mama anatoa shati la mwanawe bila kujua analipeleka maabara. IRA waligundua kupitia vijana wao wawili waliokuwa wamegeuzwa. Tarehe 2 Oktoba 1972 wakalipiga risasi lile gari na kumuua askari aliyekuwa akiliendesha. Vijana wale wawili wakauawa na IRA na kuzikwa kwa siri. Mifupa yao ilipatikana mwaka 2015 kwenye ardhi ya mboji, County Meath.

Kitson alikuwa ameshaondoka Aprili 1972, miezi kabla ya tukio. Lakini ya wakati wake yapo. Agosti 1971 serikali ikaanza kuwaweka watu kizuizini bila kesi, na katika siku tatu, tarehe 9 hadi 11, watu kumi wakauawa Ballymurphy, eneo la brigedi yake, akiwemo padri na mama wa watoto wanane. Mwaka 2021 mahakama ya uchunguzi ilitamka kwamba wote kumi hawakuwa na hatia yoyote. Askari wa parashuti wa 1 Para waliokuwa chini ya brigedi hiyo ndio haohao walioazimwa kwenda Derry tarehe 30 Januari 1972. Jumapili ya Damu: waliwapiga risasi waandamanaji. Kumi na tatu walikufa siku ileile, mwingine baadaye. Mwaka 2002 Kitson aliitwa kutoa ushahidi mbele ya tume ya Saville iliyochunguza siku hiyo.

Kiambu alikuwa na mateka ambaye akikataa ananyongwa, vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, na magazeti ya London yaliyokuwa mbali. Belfast ina mbunge, ina padri, ina kamera ya televisheni kwenye kona, na mtu ukimkosea leo kesho binamu zake wote wamejiunga na IRA. Kitson alichukua vita iliyoshindwa kwa nguvu za koloni, akatoa humo kanuni za akili tupu, akazibeba mpaka mahali ambapo zile nguvu hazikuwepo. Ndipo zilipomgomea. Na angalia *Bunch of Five*: Kenya, Malaya, Oman, Cyprus. Ireland Kaskazini haina sura.

Ndizi Mzuzu

Haina sura? Vita aliyokuwa brigedia mwenyewe?

Afande Mstaafu

Vita ilikuwa inaendelea. Afisa aliye kazini haandiki operesheni zinazoendelea, ni kosa la nidhamu kila jeshi.

Kalamu Butu

Ni kweli afande, 1977 bado yuko kazini. Alipanda mpaka jenerali, akawa mkuu wa chuo cha ukamanda Camberley, kisha kamanda mkuu wa majeshi ya nchi kavu ya Uingereza 1982 hadi 1985. Lakini aliishi miaka karibu arobaini baada ya kustaafu. Akaandika wasifu wa kivita wa Prince Rupert, vitabu viwili, na wa Oliver Cromwell, mambo ya karne ya 17. Cromwell, wakuu! Mtu ambaye Waireland wakimtaja wanakumbuka mauaji ya Drogheda. Kati ya majenerali wote wa historia ya Kiingereza, brigedia wa Belfast akamchagua huyo. Sijui kama alitabasamu.

Mwaka 2015, akiwa na miaka 88, mjane mmoja wa Belfast alimfungulia kesi yeye pamoja na Wizara ya Ulinzi, mumewe aliuawa 1973. Hoja haikuwa kwamba Kitson alikuwepo. Ilikuwa kwamba sera alizozianzisha zilizaa mauaji yale. Kitson alikana. Ni waandishi wachache wa mambo ya jeshi wanaopelekwa mahakamani kwa sababu ya fikra zao.

Mtoto wa Manzese

Na kusini mwa Afrika je? Nilisikia Selous Scouts wa Rhodesia walifanya hayohayo.

Kalamu Butu

Hayohayo. Selous Scouts waliundwa 1973 chini ya Ron Reid-Daly, aliyepigana Malaya, na uzoefu wa Kenya ulikuwa darasa lao: waasi waliogeuzwa, wazungu waliojipaka weusi, vikundi vinavyojifanya ZANLA, wapiganaji wa ukombozi wa Zimbabwe. Agosti 1976 waliingia Nyadzonya, Msumbiji, kwa magari yaliyopakwa rangi za FRELIMO na sare za FRELIMO, walinzi wa lango wakawafungulia. Mamia waliuawa. Wazee wa Iringa waliokuwa karibu na kambi ya Mgagao wanawajua vijana wa ZANLA waliopita pale kabla ya kushuka kule chini. Kwa hiyo usidhani mambo ya Kiambu yaliishia Kiambu.

Wa Githunguri

Sasa upande wetu nani aliandika? Maana tukiachia wazungu tu kila siku tutakuwa wanyama kwenye hadithi ya mwindaji.

Kalamu Butu

Nilikuwa nasubiri swali hilo. Waruhiu Itote, Jenerali China.

Weka maisha yao pamoja. Itote alizaliwa 1922 Nyeri, akaingia King's African Rifles, akapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Kitson alikosa vita kuu, Itote aliipata. Huko Burma askari mmoja wa Kiingereza alimuuliza: mimi nikifa hapa nimeifia nchi yangu, wewe ukifa nchi yako imepata nini? Akarudi nyumbani na swali hilo. Akawa kamanda wa Mau Mau upande wa Mlima Kenya, na alichokijua cha kijeshi alifundishwa na Waingereza wenyewe. Januari 1954 akakamatwa na jeraha la risasi shingoni, Henderson akamhoji saa 68. Alihukumiwa kifo, kisha hukumu ikapunguzwa alipokubali kusaidia mazungumzo ya kuwatoa wenzake msituni. Mazungumzo yakavunjika. Akafungwa Lokitaung pamoja na Kenyatta, ambaye alimfundisha kusoma na kuandika Kiingereza. Baada ya uhuru akawa kiongozi katika National Youth Service, na mwaka 1967 akatoa *"Mau Mau" General*, Nairobi.

Vitabu vyao vinazungumza juu ya misitu ileile. Itote anaeleza upangaji wa vikosi, mapokezi ya chakula, adhabu kwa wasaliti, na haogopi kutaja ukali wa upande wake. Na yeye pia alikuwa na mtego wake wa kuelezea: alikubali kuongea na waliomkamata, na kuna waliomuona msaliti mpaka alipokufa 1993. Kifungu cha tatu cha Kitson, kile cha kujishawishi kwamba hakuna aibu, kisome kisha fungua kurasa za Itote za baada ya kukamatwa. Hapo ndipo mtu aliyekuwa upande wa pili wa meza anajieleza kwa maneno yake. Sijaona kitabu cha Kiingereza kuhusu kugeuza mateka kinachonifikisha hapo.

Wa Githunguri

Na ujue chama chenyewe cha Mau Mau kilibaki marufuku Kenya mpaka 2003. Sanamu ya Kimathi Nairobi ilisimama 2007. Kitson alikuwa amestaafu karibu miaka ishirini na vitabu vyake viko madukani, wakati wazee wetu hawawezi kusajili umoja wao.

Afande Mstaafu

Hilo la marufuku linaniuma hata mimi. Lakini nirudie: kijana anayetaka kuwa afisa, soma wote wawili. Mimi nilisoma mmoja tu, na hakuna mwalimu aliyeniambia kuna mwingine.

Mtoto wa Manzese

Wakuu, mtu asiye na muda mwingi aanze na kipi?

Kalamu Butu

Anza na Itote, sura za Burma na za msituni. Halafu *Gangs and Counter-gangs*, utakimaliza kwa siku mbili, ni chepesi. *Low Intensity Operations* usikisome chote, kina kurasa nzima za kamati na mafunzo zitakazokulaza. Soma sura ya upelelezi, kisha ile ya sheria, aya nzima. Za Prince Rupert waachie wapenda farasi.